Usingizi wa Saa Kumi

Duka la fotokopi lilifurika watu siku ile kinyozi alipompiga kikumbo karani wa shule, karatasi zikatapakaa sakafuni.

"Samahani, dada."

"Samahani haiokoti karatasi," alijibu binti, gauni la rangi ya chungwa limemkaa utadhani alizaliwa nalo.

Kinyozi akapiga magoti, akaokota huku akiongea, na tangu hapo hakunyamaza. Wateja wake walimwita Redio, wala hawakumsingizia. Miezi tisa baadaye binti wa watu alikuwa hasikii wala haoni kwa ajili yake.

Ndipo madaktari walipomkuta na saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji, ukaenda salama. Kila siku saa kumi, wageni waliporuhusiwa wodini, Redio alikuwa wa kwanza mlangoni, shati limenyooka, habari za kinyozini zimemjaa mdomoni. Akianza tu, "Mpenzi, leo kaja mzee mmoja..." mwenzake tayari anakoroma.

Siku ya kwanza alicheka. Siku ya tano ikamuuma. Wivu hauna macho: alianza kuuonea gere hata mto wa hospitali! Akajiambia kachokwa, anafukuzwa kwa adabu. Siku ya sita hakwenda, wala ya saba.

Siku ya nane simu ikaita, mashine ya kunyolea iko mkononi.

"Redio imeharibika?"

"Imechoka kuongea na mtu anayejifanya kalala."

"Kujifanya!" Binti akavuta pumzi. "Sikia, mpenzi. Muuguzi ana fomu yake, kila asubuhi anauliza nimelala kiasi gani. Usiku taa zinawaka, toroli zinapiga kelele, kidonda kinavuta. Nikifumba macho naogopa sitaamka. Tangu upasuaji usingizi wangu ulikuwa ule wa saa kumi tu, ukiwa umekaa hapa. Leo kaniuliza hata huo umekwenda wapi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi, na mimi nimelala?"

Redio akazima mashine.

"Daktari anasema nisipolala nitachelewa kupona," sauti ya binti ikashuka. "Ukiwepo najua kuna mtu ananilinda. Njoo, bwana."

Mteja aliyenyolewa nusu kichwa alikabidhiwa kwa kinyozi wa pili, Redio akatimua mbio.

Alimkuta macho mekundu, shali ya kijani mabegani. Akakaa, akamshika mkono.

"Nina swali, nalo nataka ulijibu ukiwa macho."

"Basi uliza haraka."

"Nikuoe?"

Binti akagusa bandeji kifuani. "Hata na kovu hili?"

"Hilo kovu ndilo limekubakiza kwangu. Nakuoa nalo."

Machozi yakamtoka, na kicheko juu yake. "Nimekubali. Haya, niongeleshe."

Hadithi haikufika mbali, binti akaanza kukoroma. Kengele ya kuondoa wageni ilipolia, muuguzi aliwatoa wengine wote. Alipofika kwao akaweka kidole mdomoni, akapita. Redio akabaki palepale, mkono umekufa ganzi chini ya shavu la mchumba wake, naye hakuutoa.