Nyumba Iliyopozwa Mwezi wa Saba

"Unapoteza muda, Mama Lusungu! Chanjo imeshavuka mpaka. Turudi Tunduma."

"Imo ndani ya nyumba ile."

"Nyumba yenye mashine ya joto? Utaificha chanjo ndani ya tanuri?"

"Punguza sauti, Sajenti."

Sajenti Kasiani alinuna. Walikuwa wamelala kifudifudi kati ya mibuni ya Isansa, Mbozi. Julai 1956. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Umande ulikuwa umewapenya hadi mifupani.

Hatua sitini mbele yao ilikuwa nyumba ya Hartog, mlowezi wa kahawa.

Yunisi Nzowa hakubandua darubini. Kwenye mafaili ya idara ya upelelezi hakuwa na jina. Alikuwa Kumi na Saba.

Siku nne zilizopita, masanduku sita ya chanjo ya ndui yaliibwa njiani kutoka Mbeya. Dozi elfu tatu. Wanunuzi wa magendo waliyangoja ng'ambo ya mpaka. Tunduma, ndui ilikuwa imeua watu tisa.

Binti yake Lusungu alikuwa huko huko, kwa bibi yake. Miaka sita. Hajachanjwa.

"Tumekagua kila friji la mafuta ya taa," Kasiani alisema. "Vwawa mpaka Mkwajuni. Chanjo bila baridi ni maji tu."

"Ile mashine inafanyaje kazi? Wewe si ulielezwa na fundi?"

"Inavuta joto la nje, inalisukuma ndani. Lile sanduku la bati nyuma ya nyumba linabaki kupuliza baridi. Ukigeuza mkono wake, inatoa joto la ndani na kulitupa nje."

"Jana nilikwenda kuomba kibarua cha kufua. Mpishi wake, Mama Teresia, ameloweka ulezi wa kimea. Amekifunga kwenye majani ya mgomba, akakiweka mbele ya sanduku lile."

"Sasa kimea na ndui wapi na wapi?"

"Baridi hii kimea kinalala siku tano, Sajenti. Chake kimeota kwa siku mbili. Ananisifia, 'Mwanangu, huku nyuma kuna upepo mtamu!'"

Kasiani aliigeukia nyumba.

Sanduku lilikuwa linapuliza joto nje.

"Nani anapoza nyumba Mbozi mwezi wa saba?" Yunisi aliuliza.

"Mama wee."

Yunisi alikuwa ameshasimama. Bastola ya Webley mkononi.

Alikimbia ameinama. Ukuta. Dirisha. Mlango wa chumba cha nyuma.

Teke moja.

Baridi ilimpiga usoni. Masanduku sita yalipangwa sakafuni, muhuri wa serikali ubavuni.

"Simama hapo hapo, mama!"

Sauti ilitoka uani. Hartog alisimama kwenye kibanda cha jenereta, amevaa pajama na soksi mbili mbili. Mkono mmoja ulishika bastola. Mwingine ulikuwa juu ya swichi ya injini ya Lister.

"Rudi nyuma. Mimi naondoka na gari langu. Ukikataa nazima hii, dawa yote inaoza. Watoto wenu watakufa."

Lusungu.

Kisha Yunisi aliona pumzi yake mwenyewe. Alikuwa mlangoni, uso nje, na pumzi ilitoka nyeupe kama moshi.

"Zima," alisema.

"Nini?"

"Zima, bwana. Huku nje ni baridi kuliko humo chumbani. Mpaka bati la paa lipate jua, masanduku yatakuwa mbali."

Hartog aligeuza macho kwenye majani meupe kwa sakitu, umande ulioganda. Nukta moja tu.

Webley ililia. Bastola ya Hartog ikaruka, naye akaanguka magotini akikumbatia kiganja chake.

Kasiani alifika anahema, akamfunga pingu. Wakapakia masanduku kwenye Land Rover yao. Redio ya gari ikakoroma.

"Kumi na Saba, Mbeya hapa. Mzigo?"

"Tumepata. Mtu na masanduku yote sita."

"Vizuri. Masanduku ni kielelezo cha mahakamani. Yafungiwe Vwawa mpaka hakimu ayaone. Alhamisi."

Leo ilikuwa Jumatatu.

Kasiani alimtazama. "Bila kielelezo, dada, wakili wake atatuchezea. Huyu atatoka. Na wewe kazi huna."

Yunisi alimtazama Hartog. Hartog alitabasamu.

Alichomoa kamera yake ndogo ya Minox mfukoni. Akapiga picha masanduku, muhuri, na uso wa Hartog. Tabasamu likapungua kidogo. Halikuisha.

"Mbeya, nakwenda Tunduma. Wachanjaji wawe tayari saa mbili."

"Hiyo si amri uliyopewa!"

"Najua."

Alimkabidhi Kasiani mtuhumiwa na daftari la ripoti. "Andika kwamba ulinikataza. Andika jina langu zima."

Akawasha gari, akafungua madirisha yote baridi iingie, akashika barabara ya Tunduma.