Bibi Romana Alipoingia Kikosini

Saa kumi na mbili jioni, siku ya Jumatano, taa ya sebuleni kwa Mama Jeni ilikuwa inawaka. Nyumba hiyo iko Maisaka, mjini Babati. Chini ya taa walikaa watu watatu. Mama Jeni alichambua maharage kwenye ungo. Mama mkwe wake, Bibi Romana, alikunywa chai. Binti wa Mama Jeni, Jenipher, alishika simu kwa mikono miwili na hakumtazama mtu.

Jenipher alikuwa fundi cherehani. Jioni, baada ya kazi, alicheza mchezo wa vita kwenye simu. Mchezo huo unachezwa kupitia mtandao. Watu wanne wanaunda kikosi na kupambana na vikosi vingine. Kila mtu anacheza akiwa kwake.

Kikosi cha Jenipher kilikuwa na Brayan, Noela na kiongozi wao. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Kiongozi alijiita Jenerali. Alikuwa na sauti nzito, na Brayan aliamini kabisa kwamba ni askari.

Jumamosi kulikuwa na mashindano ya vikosi vya Manyara. Jenipher alikuwa ameyasubiri tangu mwanzo wa mwaka. Yeye hakuwa msemaji. Alipomwona adui, aligusa ramani kwenye simu, na alama nyekundu ikatokea kwa wenzake wote. Lakini asubuhi ile Jenerali alikuwa ametuma ujumbe: "Kuanzia leo maiki ni lazima. Asiyesema si mwenzetu."

Basi Jenipher akawasha maiki. Hedifoni zake zilikuwa zimekufa, kwa hiyo sauti zilitoka nje, kila mtu sebuleni akazisikia. Noela hakuwepo jioni ile. Mchezo ulijaza nafasi yake kwa mtu wasiyemjua.

"Adui kushoto, nyuma ya ghala," simu ilisema kwa sauti nzito.

Bibi Romana aliweka kikombe chini. "Kuna mgeni?"

"Ni simu tu, Bibi," Jenipher alisema.

"Simu haijisemeshi. Humo kuna mtu mzima. Ameingia ndani hajasalimia?"

Simu ikasema, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, Bibi."

"Mvua mmepata?"

"Tumepata kidogo."

"Mahindi yanasemaje?"

Babati, mzee akikuuliza habari, humkatizi. Unajibu mpaka yeye mwenyewe amalize. Jenerali alilelewa hivyo. Alisimama katikati ya uwanja wa vita, bunduki mgongoni, akaeleza hali ya mahindi. Alipigwa risasi alipofika kwenye habari za viwavi.

Brayan naye alikuja hewani. "Shikamoo, Bibi. Mimi Brayan."

"Marahaba. Na nyumbani kwenu wazima?"

"Wazima, Bibi, ila mjomba ndiye..." Brayan naye akafa, kabla ya kueleza habari za mjomba.

Bibi Romana hakujua kwamba wote wawili wamekufa. Alirudi kwa yule wa kwanza. "Wewe mwenye sauti ya ng'ombe dume, ni mtoto wa nani?"



"Wa Evangelina, Bibi. Wa Nakwa."

"Evangelina anayesaga mahindi? Basi wewe ni Marcelino. Ndiwe uliyekwama kwenye pipa la pumba, tukakutoa kwa mafuta ya kupikia?"

"Ilikuwa zamani, Bibi," Jenerali alisema. Sauti yake haikuwa nzito tena.

Brayan alisikika akicheka mpaka akakohoa.

"Mama, waache watoto wacheze," Mama Jeni alimwambia mkwewe. "Tulale mapema. Kesho mimi na wewe tunakwenda msibani Dareda. Jeni, nitaacha ufunguo chini ya lile beseni la kufulia. Ukitoka kazini uje ulishe kuku, nyumba itakuwa haina mtu."

"Poleni na msiba," simu ilisema.

"Asante, baba," Mama Jeni alijibu. Kisha mikono yake ikaacha kuchambua. "Huyo ni nani?"

Haikuwa sauti ya Jenerali. Haikuwa ya Brayan. Jenipher alitazama simu. Jina la yule mtu wa nne lilikuwa tarakimu tupu.

"Simjui, Mama."

Mchezo ukaisha. Walikuwa wameshindwa vibaya. Baada ya dakika chache Jenerali alituma ujumbe mwingine: "Jenipher, Jumamosi useme, na nyumba yenu iwe kimya. La sivyo tunatafuta mtu mwingine."

Mama Jeni naye hakuwa na maneno mengi. "Mchezo huo umekwisha. Simu yako ina watu nisiowajua, na sasa wanajua ufunguo wangu unalala wapi."

Kiongozi alimtaka Jenipher aseme. Mama alimtaka aache. Na mashindano yalikuwa baada ya siku tatu.

Siku iliyofuata jirani yao, Mama Clara, alipita nyumbani kwao. Alijua kwamba wamekwenda Dareda, na alitaka tu kuwaangalizia kuku. Alimkuta Mama Jeni uani, amekaa juu ya beseni lililofunikwa.

"Mama Jeni, si mmesafiri?"

"Bibi amekwenda na ndugu wengine. Mimi nimebaki."

"Mbona umekalia beseni?"

"Nalinda ufunguo."

"Si uuweke mfukoni?"

Mama Jeni alifikiri. Alinyanyuka, akafunua beseni, akaweka ufunguo mfukoni. Kisha akasimulia yote.

Mama Clara alifanya kazi kwenye kambi ya watalii karibu na Tarangire. Kazi yake ilikuwa kukaa na redio ya mawasiliano na kuongea na madereva walioko porini. Jenipher aliporudi kutoka kazini alimsalimia, naye Mama Clara akamwomba ampe simu.

"Tuanze na ufunguo," Mama Clara alisema. "Yule mtu huenda yuko Mtwara. Huenda ni mtu mwema, maana alitoa pole. Lakini hatujui. Kwa kuwa hatujui, ufunguo unahama, na kufuli linabadilishwa. Leo."

"Na mchezo?" Mama Jeni aliuliza.

"Mchezo haukusema habari za ufunguo. Uliyesema ni wewe."

"Mimi nilikuwa naongea na mwanangu."

"Ndiyo. Maiki ikiwa wazi haichagui. Inabeba yote: ufunguo, msiba, ugomvi, jina la shule ya mtoto. Hata sauti yenyewe inamtambulisha mtu. Bibi amemjua Marcelino kwa maneno machache tu."

"Ndiyo maana mimi sipendi kusema," Jenipher alisema. "Lakini Jenerali anadai kwamba bila sauti tutashindwa."

"Ana sababu. Adui akiwa nyuma ya mtu, huwezi kuanza kuandika. Sauti ni ya haraka. Hilo ni kweli, usimbishie." Mama Clara alifungua mipangilio ya mchezo. "Tazama hapa. Kusikia na kusema ni vitu viwili tofauti. Unaweza kuwasikia wenzako na maiki yako ikafungwa. Hapa unachagua usikike na kikosi chako tu. Na mtu msiyemjua akijaza nafasi, unazima maiki kabisa. Na hapa kuna kitufe. Ukibonyeza, unasikika. Ukiachia, husikiki. Redio yetu kambini ni hivyo hivyo. Dereva asiye na la kusema hasemi, na hakuna anayemwita mvivu. Lakini redio yake lazima iwe wazi, asikie."

"Kwa hiyo kusikia ni lazima, kusema ni hiari?"

"Kwetu ndivyo. Kikosi chenu kipime chenyewe. Mpigie huyo Jenerali."

Jenipher akampigia. Mama Clara akamweleza yale yale.

"Mama, mimi nataka nidhamu," Marcelino alisema. "Jana tumepoteza vita kwa ajili ya salamu. Na mimi nimeaibishwa. Sasa Brayan ananiita Pipa."

"Maiki yako ilikuwa wazi?"

"Ilikuwa wazi."

"Nani alikulazimisha?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi jaribuni leo. Mchezo mmoja wote wakiwa na maiki wazi. Mchezo mwingine kila mtu na kitufe chake, anasema akihitaji. Mtazame matokeo, msigombane."

Walijaribu jioni ile. Mama Jeni alikubali, kwa sharti kwamba Mama Clara akae hapo. Katika mchezo wa kwanza wote walisema kwa pamoja. Brayan alikuwa anakula muwa, na kila alipotafuna, Marcelino alidhani ni hatua za adui. Noela alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na mtoto alilia. Walishindwa.

Katika mchezo wa pili Marcelino alisema, na Noela akasema mara chache. Jenipher hakusema hata neno. Aliweka alama kwenye ramani kama zamani. Muwa haukusikika. Walibaki hai mpaka karibu na mwisho.

"Mchezo mmoja hautoshi kuwa ushahidi," Mama Clara alisema. "Rudieni."

Walirudia, na matokeo yalikuwa yale yale. Marcelino aliandika kwenye kundi lao: "Kusikia ni lazima. Kusema ni hiari. Brayan asile muwa."

Ijumaa asubuhi fundi alibadilisha kufuli. Mama Jeni alikwenda Dareda na funguo zote mkobani, akarudi jioni na Bibi Romana.

Lilibaki jambo moja. Bibi Romana aliposikia kwamba maiki itafungwa, hakuridhika. "Yaani watoto waingie kwangu, nisiwasalimie?"

"Utawasalimia, Bibi," Jenipher alisema. "Kabla ya vita."

Jumamosi kikosi kiliingia mapema kuliko vikosi vingine. Jenipher alibonyeza kitufe, Bibi Romana akamsalimia kila mmoja kwa zamu. Aliuliza mvua, mahindi na mtoto wa Noela. Habari za mjomba wa Brayan zilichukua muda mrefu. Salamu zilipokwisha, Jenipher akaachia kitufe. Mama Jeni alichambua mchele kimyakimya, ingawa maiki ilikuwa imefungwa.

Walishinda mchezo wa kwanza na iliyofuata, wakafika fainali. Brayan na Noela walitolewa. Walibaki Jenipher na Marcelino dhidi ya maadui wawili. Marcelino alimpiga mmoja. Jenipher akamwona wa pili akitoka kwenye majani, hatua chache kutoka mgongo wa Marcelino. Kidole chake kilikwenda kwenye ramani. Alama ingetokea, lakini Marcelino alikuwa anatazama mbele.

Jenipher alibonyeza kitufe.

"Nyuma."

Marcelino akageuka na kufyatua risasi. Kwenye simu zote nne yakatokea maandishi ya ushindi.

Mama Jeni akauliza, "Neno moja tu?"

"Lilitosha, Mama."

Bibi Romana alinyoosha mkono. "Nipe hicho kitufe."

Jenipher alimwonyesha mahali. Bibi Romana alibonyeza kwa kidole gumba, akaisogelea simu.

"Marcelino, mwambie mama yako nitapita Jumatatu na mahindi ya kusaga."

"Sawa, Bibi."

Bibi Romana akaachia kitufe.