Mvua ya Upande Mmoja wa Ranwei

"Hebu rudia. Umesema mvua?"

"Mvua, mpenzi. Kubwa! Sikuona hata pua ya ndege. Nimegeuza, nalala huku."

Mawingu akaitoa simu sikioni, akaitazama kama imemtemea mate. Halafu akatazama juu. Vimanyunyu vya kulowesha kope tu, basi.

Sasa bwana, huyu dada hakuitwa Mawingu kwa bahati mbaya. Kazi yake pale uwanja wa ndege ilikuwa kusimama nje, kusoma upepo, mawingu, mvua na umbali ambao jicho linafika, kisha kuwapelekea waongozaji wa mnarani ili marubani wajue wanakuja kutua katika hali gani. Kwa hiyo, kumdanganya Mawingu kuhusu mvua ni sawa na kumdanganya kinyozi kuhusu kipara chake mwenyewe.

"Kapteni," akaita.

Huyu wa upande wa pili ni rubani, mchumba wake. Siku zote aliitwa mpenzi. Akiitwa Kapteni ujue kuna jambo.

"Nipo."

"Hiyo mvua imenyesha wapi?"

"Si hapo kwako!"

"Hapa kwangu nimesimama nje. Sina mwavuli."

"Mtandao unasumbua, nitakupigia." Akakata.

Gari la njano likafunga breki pembeni yake. Akashuka Bwana Ranwei, mzee wa vituko ambaye kazi yake ni kukagua ile njia ya lami ndege zinapotua: kama ina maji, kama ina mbwa, kama ina chochote.

"Shemeji kageuza tena?"

"Ranwei ikoje?"

"Imelowa, lakini haina madimbwi. Ndege mbili zimetua baada ya yeye kugeuza, na hakuna aliyelalamika." Akamtazama, akaona macho ya Mawingu yamekuwa makali. "Lakini mimi ni mtu wa lami tu, mambo ya ndoa siyajui."

Nyumbani, Dada alikuwa kwenye cherehani. Huyu ndiye aliyemlea Mawingu tangu wazazi wao walipofariki, na Jumamosi hiyo familia ya Kapteni ilikuwa inakuja kwake kumposa Mawingu.

"Ana mtu huko," akasema bila kuinua kichwa.

"Dada!"

"Mvua gani inayomzuia kila mara aende kulala mji uleule? Mvua hiyo ina nyumba, ina kitanda, na inajua kupika."

"Labda kuna sababu."

"Ipo, na imesuka nywele." Akasimamisha cherehani. "Sikiliza, mdogo wangu. Nimekulea sijakuuza. Kabla ya Jumamosi niletee ukweli. La sivyo wageni wake watapiga hodi mpaka wachoke. Mlango sifungui."

Kesho yake Mawingu akaomba ruhusa kazini, akapanda basi la asubuhi hadi ule mji wa pili. Akaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya wageni ambako marubani hulala.

"Kapteni huwa analala na nani?" akamuuliza dada wa mapokezi, bila hata salamu.

"Na taa."

"Na nani?"

"Na taa, dada yangu. Haizimi. Nikipita alfajiri nasikia anatembea humo ndani. Hata chakula hashuki kula. Wewe ni nani yake?"

Hilo hata Mawingu mwenyewe alikuwa hajui tena. Simu ikalia. Ujumbe wa Dada: "Umemwona huyo mwanamke? Mnene au mwembamba?"

Akaandika: "Nitakueleza."

Ukarudi hapohapo: "Mwembamba basi."

Mchana akakata tiketi ya ndege ya Kapteni ya kurudi. Akajifunika mtandio mpaka machoni, akaingia wa mwisho, akakaa kiti kilicho nyuma tu ya Kapteni. Ndege yenyewe ndogo, rubani mmoja, hakuna mlango kati yake na abiria. Ukinyoosha mkono unamgusa kisogo.

Safari ilianza vizuri tu. Kapteni aliwakaribisha, akatania kwamba vinywaji vimeisha kwa sababu havikuwepo. Watu wakacheka. Lakini walipokaribia nyumbani, matone machache yakagonga kioo, na Mawingu akaona kitu ambacho kwenye simu huwezi kukiona. Kisogo cha mpenzi wake kililowa jasho. Akaukumbatia usukani kwa mikono yote miwili.

Chini, ranwei ilionekana wazi kabisa. Ndege iliyowatangulia ikatua, ikapunguza mwendo vizuri, ikatoka. Zamu yao. Wakashuka, wakashuka, nyasi zikaonekana moja moja. Mara injini ikanguruma, pua ikainuka, wakapaa tena.

"Mwanangu, si tulishafika?" akauliza bibi mmoja.

"Samahani, bibi. Mvua."

Bibi akachungulia dirishani kuitafuta.

Wakarudi walikotoka. Abiria wakashuka wakinung'unika. Kapteni akabaki amekaa, kichwa kimeinama. Mawingu akafungua mtandio.

"Mpenzi."

Hakugeuka. Mabega tu yalishuka. "Umeona?"

"Nimeona."

"Basi. Umeolewa na mwoga. Yaani, ulitaka kuolewa."

"Niambie tangu mwanzo. Sijaja kukucheka."

"Unaikumbuka siku ile ulipotoa taarifa ya manyunyu?"

"Siku nyingi nimetoa manyunyu."

"Ile siku nilikuja kwa upande wa mlimani. Kwako, upande wa ofisi, yalikuwa manyunyu kweli. Lakini huku kwangu wingu lilijimwaga kama ndoo, dakika hiyohiyo nashusha magurudumu. Matairi hayakugusa lami, yaligusa maji. Nikakanyaga breki, nikawa kama nakanyaga hewa. Ndege ikateleza ubavu, majani yanakuja, na mimi nimeshika usukani usiosikia. Sijui ilisimamaje." Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Abiria walipiga makofi. Walidhani ndivyo ninavyotua."

Machozi yakamlenga Mawingu. "Mbona hukusema?"

"Ningesema, wangeuliza nani alitoa taarifa ya hali ya hewa. Ningekuponza. Nikaona bora nikae nayo mwenyewe."

"Kwa hiyo ulinilinda mimi."

"Ndiyo."

"Na yule rubani aliyetua nyuma yako siku ile, kwenye maji yaleyale, yeye ulimlinda na nini?"

Hilo Kapteni hakuwahi kulifikiria. Akajifunika uso kwa viganja, na hapo ndipo alipolia, mtu mzima na nyota zake begani.

Mawingu akamwacha alie. Kisha akamshika kisogo, palepale palipokuwa na jasho.

"Kugeuza ndege siyo kosa. Ukiogopa, geuza, mimi nakutaka mzima. Kosa ni kuniambia mvua mimi. Kesho tunaingia kwa bosi wako, wote wawili."

"Watanivua hizi nyota."

"Wakuvue."

"Na wewe watakuhoji."

"Wanihoji. Nilisimama upande mmoja nikatangaza uwanja mzima. Nina la kujibu."

"Nikiwa si rubani tena, utanipendea nini?"

"Kwani unadhani nilipenda kofia? Ile kofia haikupendezi, nimenyamaza siku zote."

Asubuhi rubani mwingine akaja kuirudisha ndege, wao wakakaa nyuma kama abiria. Kwa bosi wa marubani Kapteni akasema yote, hakubakiza. Mawingu naye akasema yake. Bosi, mzee wa sauti nzito, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Rubani akigeuza simlaumu hata siku moja," akasema. "Ndege ikirudi na watu wake, nafurahi. Lakini ulichokificha kingeweza kuua wenzako. Kuanzia leo huruki. Utaonana na daktari, utarudi kwa mwalimu, na atakaponiambia uko tayari, tutazungumza. Asiponiambia, hutaruka."

"Sawa, mkuu."

Mawingu naye akapewa onyo lake. Na ikatoka amri: ikidondoka mvua, Bwana Ranwei aendeshe mpaka mwisho wa mlimani, akague, atoe taarifa ya pande zote mbili kabla ndege haijatua.

"Kwa hiyo nyinyi mnapendana, mimi ndiye ninayelowa," Bwana Ranwei akalalamika. Lakini alikuwa ameshavaa koti la mvua.

Jumamosi ikafika. Kapteni, mama yake na wajomba zake wakasimama nje. Mawingu alikuwa ametaka kumsimulia Dada siku ile waliporudi, Kapteni akamwomba amwachie mwenyewe. Kwa hiyo mlango ulikuwa umefungwa.

"Hodi!"

"Yuko wapi huyo mwanamke?" sauti ya Dada ikatoka ndani.

Mama Kapteni akashtuka. "Mwanamke gani tena?"

"Hakuna mwanamke, Dada," Kapteni akasema, na majirani walikuwa wameshatoka barazani. "Niliteleza na ndege. Tangu hapo naogopa kutua kukiwa na maji. Nikamdanganya mdogo wako kwa sababu niliona aibu. Sasa nimesimamishwa kuruka, na sijui kama nitaruka tena. Nimekuja hivyohivyo nilivyo."

Mjomba mmoja akakohoa. Mawingu, aliyesimama nyuma ya Dada, alishika ukingo wa cherehani mpaka vidole vikauma.

"Unaogopa?" Dada akauliza taratibu.

"Naogopa, Dada."

"Na umeyasema hayo mbele ya wajomba zako?"

"Ndiyo."

Komeo likalia. Mlango ukafunguka. Dada akamtazama kijana juu mpaka chini, macho yake yamejaa maji ambayo hakutaka mtu ayaone.

"Mimi lifti siipandi," akasema. "Wanangu hawajui. Huwa nawaambia ngazi ni mazoezi."

Mawingu akapenyeza kichwa begani kwake. "Dada, sasa unasemaje?"

"Nasema wajomba ni wengi na viti havitoshi. Nendeni mkaazime kwa jirani."

Kapteni akavua koti, akamkabidhi mama yake, akamshika Mawingu mkono, wakaenda kubeba viti.