Blanketi la Olum

Kengele ya mwisho ilipolia shuleni, wenzangu walibaki uwanjani kuruka kamba. Mimi nilishika njia ya soko la Nakasero, gunia tupu kichwani. Jina langu ni Anena, lakini darasani walikuwa wamenibandika jina la Mama Ndovu, wala sikulikataa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kweli nilikuwa na ndovu.

Sokoni nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Akoth, Mjaluo wa Kisumu aliyeuza miwa na mananasi. Alikuwa na maneno mengi na mkono wa kutoa. Alinijazia gunia vilele vya miwa na majani ya kabichi, huku akinitania kwamba huyo mkwe wake wa nyuma ya nyumba za polisi atammaliza kabla hajalipa mahari.

Ndovu mwenyewe aliishi uani kwetu, juu kidogo ya Namuwongo, reli ikipita chini yetu. Baba yangu, Sajini Komakech, kabla ya kuingia polisi alikuwa askari wa wanyama kule Paraa, kando ya Mto Nile. Mwaka ule wa 1975 watu wenye bunduki walikuwa wakiua ndovu kwa ajili ya pembe, na siku moja lori lilileta mtoto aliyekutwa amesimama kando ya mzoga wa mama yake. Baba akaamriwa amlee mpaka apate nguvu. Nilimwita Olum, jina ambalo sisi Waacholi humpa mtoto aliyezaliwa porini, kwenye majani.

Mtoto wa ndovu hanywi maziwa hivi hivi. Kwa mama yake hunyonya huku ameegemeza uso ubavuni mwa mama. Baba alilijua hilo tangu Paraa. Kwa hiyo tulifunga kamba kati ya nguzo mbili, tukatundika blanketi la kijivu la polisi, nami nikasimama nyuma yake nikipitisha chupa kwa chini. Olum alibandika uso kwenye blanketi, akafumba macho, akanywa. Baba aliweka sharti moja: blanketi hilo nijifunike mimi kila nikilala, lisifuliwe, wala asilishike mtu mwingine, ili liwe na harufu ya mtu mmoja. Mama alilalamika kwamba nanuka zizi. Mimi niliona fahari, maana Olum alinifuata kokote nilikolibeba.

Ijumaa moja, mwezi wa nne tangu aje, nilikuta lori la jeshi limeegeshwa uani. Baba aliniita kando. Alisema Olum sasa ana nguvu, anarudi Paraa, na kundi la ndovu litampokea. Alinitaka nitandike blanketi ndani ya lori na nipande mimi kwanza. Alipokuwa akisema hayo alitazama viatu vyake. Mimi sikulipa jambo hilo uzito, kwani nilikuwa tayari nalia.

Nilipanda ubao, blanketi begani. Olum akaja nyuma yangu bila kusukumwa, akaingiza mkonga wake kwapani mwangu kama alivyozoea. Nilimnong'oneza kwamba anakwenda kwao. Kisha nikaacha blanketi, nikaruka chini kwa upande wa dereva, na mlango ukafungwa.

Kwa siku tisa nilitembea kifua mbele. Nilisimulia darasani habari za Paraa, nikatia chumvi, nikasema Olum ameogelea Nile na kiboko. Njia ya mwongo ni fupi, husema wazee, lakini mimi sikujua kwamba nilikuwa nikitembea juu ya uongo wa mtu mwingine.

Siku ya kumi nilipita sokoni kumsalimu Mama Akoth. Hakunitania. Alipanga mananasi yake, akayapangua, akayapanga tena.

"Anena mwanangu," akasema mwishowe, "yule ndovu wako ana kovu sikioni?"

Nikasema ndiyo, sikio la kushoto.

"Basi jana nilimwona. Hapa hapa Kampala. Nilipeleka mananasi kwenye nyumba ya Meja mmoja kule mlimani. Wamemfunga."

Nilimwambia amekosea. Hakubishana. Alinitwika kikapu, akanishika mkono, tukapanda mlima pamoja kama mama na binti wanaopeleka matunda.

Meja alikuwa na bustani yake ya wanyama nyuma ya nyumba: tumbili kwenye tundu, korongo wawili, na ndovu. Olum alikuwa amesimama juu ya saruji tupu, mnyororo kwenye mguu wa mbele na mwingine kwenye mguu wa nyuma. Alikuwa akiyumbisha kichwa kushoto na kulia, kushoto na kulia, bila kutazama kitu. Mnyororo ulikuwa umemchuna mguu mpaka nyama ikaonekana, na nzi walikuwa wamejaa. Mbele yake kulikuwa na majani yaliyokauka ambayo hakuyagusa. Blanketi langu lilikuwa limetundikwa mlangoni kwa mlinzi, kumkinga jua.

Nikaita jina lake kwa sauti ndogo. Aliacha kuyumba. Alinyoosha mkonga kuelekea kwangu, mnyororo ukamzuia, akanusa hewa kwa muda mrefu. Halafu akageuka polepole kadiri mnyororo ulivyomruhusu, akanipa kisogo.

Sijawahi kupigwa kofi lililoniuma vile. Mimi ndiye niliyemwingiza kwenye lori. Hawakuhitaji kamba wala fimbo siku ile, kwa sababu walikuwa na mimi.

Nyumbani nilimkuta Baba akinyoosha mkanda wake. Nilimwambia nilichokiona, na nikamwuliza kama alijua. Aliuweka mkanda chini. Halafu akanyoosha kidole kuelekea mlango wa jirani. Pale palikuwa na viatu vya Okullo, polisi kama yeye na Mwacholi kama yeye, aliyechukuliwa na wanajeshi kwa gari mwezi wa pili na hakurudi tena. Mkewe alivipaka rangi kila Jumapili.

"Meja alisema anamtaka ndovu," Baba akasema. "Ulitaka nimjibu nini?"

"Yeye ungemjibu ndiyo, Baba. Lakini mimi ungeniambia kweli."

Hakunipiga. Laiti angenipiga, nadhani hasira yangu ingepata pa kutokea. Kwetu binti humsalimu baba yake kwa kupiga goti, asubuhi na jioni. Kuanzia siku ile sikumpigia goti. Mama alinikemea, majirani wakanong'ona, Baba mwenyewe akawa anapita kimya kama mgeni katika nyumba yake. Nilimwogopa kidogo, nikamhurumia kidogo, lakini zaidi ya yote nilikuwa nimesalitiwa, na niliyemwamini kuliko watu wote ndiye aliyenisaliti.

Siku ya tatu, Alhamisi asubuhi, gari la jeshi lilisimama mlangoni kwetu. Mama alidondosha sufuria. Askari alisema Meja anamtaka sajini, na mtoto wake pia. Njiani Baba alinishika mkono. Sikuutoa wangu.

Olum alikuwa amelala kwa ubavu kwenye saruji. Meja alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya chini, na sauti ile ya chini ndiyo iliyotisha.

"Sajini, hii ndovu siku tano hapana kula," akasema. "Jumamosi mimi iko na wageni wakubwa. Wanasema inakula kwa mkono ya huyu mutoto tu. Basi mutoto alishe."

Mlinzi alilichomoa blanketi langu mlangoni, akanirushia. Lilinuka sigara. Nilisimama nalo nisijue la kufanya. Nilijua labda Olum angekula kwangu hata sasa, kwa njaa tu. Angekula Alhamisi, angekula Ijumaa, na Jumamosi angesimama mbele ya wageni. Kisha ningekwenda nyumbani, naye angebaki na mnyororo wake. Sikumsogelea.

Meja alimgeukia Baba. "Nini ngoja? Si akila atapona?"

Nilimtazama Baba. Alisimama wima, mikono imebana mapajani. Jibu rahisi lilikuwa maneno mawili tu, na nilikuwa nimemsikia akiyasema maisha yangu yote: ndiyo, Afande.

"Hapana, Afande," Baba akasema.

Walinzi walitazama chini.

"Mtoto akimlisha, atakula leo na kesho," Baba akaendelea, na sauti yake ilitetemeka mwanzoni, ikanyooka. "Lakini hatapona hapa. Mguu umeoza chini ya mnyororo. Saruji inammaliza nyayo. Ndovu mtoto hakai peke yake, Afande, huzuni humuua kama ugonjwa. Nilikaa nao miaka minane. Huyu anaweza kufa Jumamosi yenyewe, mbele ya wageni. Kosa ni langu. Siku ulipomtaka nilijua haya yote, nikanyamaza. Nilimdanganya hata binti yangu huyu ili amwingize kwenye lori."

Tumbili alitikisa tundu lake. Mimi nilikuwa naviona viatu vya Baba tayari vimewekwa mlangoni kwetu, Mama akivipaka rangi.

Meja alimtazama Olum, kisha akatazama viti vilivyokwisha kupangwa kwenye majani kwa ajili ya Jumamosi. Alivuta hewa puani, nadhani akaisikia harufu ya mguu ule.

"Mimi hapana taka mzoga kwa sherehe yangu," akasema. "Ondoa. Leo. Peleka huko kwa ndugu yake."

Akaingia ndani. Hakuwa na huruma. Alikuwa na wageni. Lakini amri ni amri, na safari hii ilikuwa upande wetu.

Minyororo ilifunguliwa, lori likaletwa. Askari walitaka kutumia fimbo, Baba akawaomba wasubiri. Nilipanda nikatandika blanketi, nikakaa juu yake. Olum alisimama chini akiniangalia. Alikumbuka. Jua lilipita kichwani, likaanza kuinama, na hakusogea. Sikumwita. Nilimwambia tu kwamba ninakwenda naye, na kwamba sitashuka kabla yake. Hakuelewa maneno, lakini mimi nilihitaji kuyasema. Mwishowe aliweka mguu mmoja kwenye ubao, kisha ule mbovu, akaja akaegemeza uso wake begani mwangu.

Tulikwenda pamoja, mimi nyuma na Baba karibu yangu, mpaka Paraa. Askari wa wanyama aitwaye Ochan, rafiki wa zamani wa Baba, alitupokea. Alimsafisha Olum mguu kwa maji ya chumvi, akamweka kwenye zizi la miti pamoja na watoto wengine wawili wa ndovu waliopoteza mama zao. Alisema wakikua watafunguliwa wajiunge na kundi. Wale wawili walimnusa Olum mdomoni na masikioni. Alinyanyua mkonga, akawanusa na yeye. Nilimwachia Ochan blanketi, na nikamweleza kwamba lisifuliwe.

Asubuhi kabla ya kuondoka, Baba alikuwa ameegemea uzio akiwatazama wale watatu wakigombania tawi. Nilikwenda mpaka mbele yake, nikapiga goti kwenye vumbi, nikamsalimu.

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Anena, mnyama hawezi kukuuliza unampeleka wapi," akasema. "Anautazama uso wako tu, basi. Ukimwita aje huku unajua ni kwenye mnyororo, umeiba kitu ambacho hakina mlinzi. Nami nilikufanyia wewe vile vile. Woga si dhambi, mwanangu, kila mtu Kampala anaogopa. Lakini mtu mwoga asimtume mtoto kubeba uongo wake."

Kisha akainama, akaninyanyua kwa mikono yote miwili, akanipangusa vumbi magotini.