Shali Nyekundu ya Basilia

Jua lilikuwa linazama nilipochukua ndoo kwenda kuchota maji kijitoni, chini ya magofu ya Wainka. Ilikuwa siku ya tatu njiani. Watalii walikuwa mahemani wakikanda miguu. Wabeba mizigo wenzangu, Basilia wa shali nyekundu akiwemo, walikuwa jikoni na mume wangu Fermín, mpishi wetu. Binti yetu Sami nilimwacha kijijini kwa mama. Miezi minane, jino moja.

Nikiwa kijitoni nilimsikia Fermín akicheka.

"Basilia, wewe unabeba kuliko punda!"

"Punda hulishwa vizuri, kaka. Ongeza supu."

Nikasikia akimwongezea. Mimi mkewe sikuwa nimeonja hata kijiko.

Wivu ukaniwaka. Nikachagua majani matatu ya koka, mazima, kama tufanyavyo tukiuomba mlima utupitishe salama. Lakini sikuomba usalama. Niliyapulizia, nikanong'ona:

"Baba Mlima... mwenye shali nyekundu... mchukue."

Jina niliogopa kulitaja.

Upepo ukakoma. Kijito kikanyamaza, ingawa maji yalikuwa bado yanapita. Pakanuka udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa sasa hivi...

Nyuma yangu, hatua.

Alikuwa Basilia.

"Mama Sami, mbona unatetemeka hivyo?" Akavua shali yake, akanifunika, akanifunga fundo kifuani kama mtoto. "Twende. Fermín amekufichia nyama. Siku nzima ananichosha kwa kukutaja, Satuka hivi, Satuka vile!"

Akabeba ndoo yangu, akatangulia.

Nikamfuata kando ya ukuta wa magofu.

"Wewe..."

Sauti ilitoka ndani ya ukuta wa mawe.

"Wewe wa shali..."

Kitu kikashika upindo wa shali. Kikavuta. Taratibu, kama mtoto avutavyo nguo ya mama yake.

Nikafungua fundo, nikaiacha shali, nikakimbia.

Asubuhi shali haikuwepo pale ukutani. Basilia hakunigombeza. "Ni kitambaa tu, dada. Bora wewe mzima." Nililia, naye akadhani nalilia shali.

Kesho yake jioni nilifika nyumbani. Mama alikuwa mlangoni, amempakata Sami.

"Rafiki yako ana moyo mwema. Tazama alichomletea mtoto."

"Nani?"

"Uso sikuuona. Aliiacha hapa jana, jua likizama."

Jana jua likizama Basilia alikuwa kando yangu, tukisimamisha mahema kambini.

Sami alikuwa amefunikwa shali nyekundu. Sufu ilikuwa imelowa. Ilinuka udongo mbichi.

Nimeichoma. Nimeupelekea mlima majani, pombe ya mahindi na mafuta ya lama, mnyama wetu wa sufu. Nimeomba msamaha mpaka sauti imekauka. Basilia anamfumia Sami shali mpya. Nilimwomba rangi yoyote isipokuwa nyekundu, akakubali bila kuniuliza.

Lakini kila jua likizama, Sami hutambaa hadi mlangoni. Hutazama juu, pasipo na mtu. Hucheka.

Kisha hunyoosha mikono, abebwe.