Nyuzi Alizochagua Wifi

Haya sikuyasikia kibarazani kwa watu. Yalimpata kaka yangu wa tumbo moja, na hivi sasa yuko nyumbani kwangu, anakula chakula changu. Asiyetaka kuamini asiamini, sitamshika shati.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Jua la kawaida, watu wameanika nguo zao, paka wamelala. Nilikuwa nimetoka kazini, kwenye duka la miwani ambako nawapima watu macho, nikapitia kwa kaka kumpelekea wali na mboga. Kaka yangu anaitwa Nanga. Jina walimpa wenzake wa bendi kwa sababu alipiga gitaa la besi, na waimbaji walisema bila yeye wimbo unapeperuka. Bendi yenyewe ilishakufa zamani. Mkewe naye alikuwa na miezi saba kaburini.

Wifi yangu alizaliwa kiziwi. Watu walicheka sana: mpiga muziki kaoa mwanamke asiyesikia! Hata mimi nilicheka, tena siku ya harusi, mdomo umejaa keki. Wasichojua ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa akichagua nyuzi za gitaa. Nanga akifunga nyuzi mpya, wifi anakaa sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye spika, kafumba macho. Kaka anapiga noti moja nzito. Wifi akiupiga ubavu wa spika kofi moja, maana yake hapana, toa hizo. Makofi mawili, ndiyo, acha hapo.

"Mimi sikio langu linapenda kila kipya," Nanga aliwahi kuniambia. "Mgongo wake hauna ushabiki."

Mchana ule nilimkuta sebuleni kazungukwa na nyuzi. Ziko juu ya kochi, dirishani, nyingine zimeviringishwa juu ya televisheni. Alikuwa amekonda, shati limempwaya. Hata salamu hakunipa.

"Hizi za nikeli zinang'aa mno, mdogo wangu. Noti inakimbilia juu. Hizi za chuma cha pua zinakwaruza vidole, unasikia mkwaruzo kabla ya muziki. Hizi zilizovikwa nailoni ni laini, mkono unateleza vizuri, lakini noti inalala kabla sijaiachia. Nikifunga nene zaidi, zinapigana na mkono. Nyembamba, zinalegea."

"Kaka, umekula?"

"Zote amezikataa."

Nikamuuliza nani amezikataa. Alinitazama kama nimemuuliza maji ni kitu gani.

Nikaweka chakula mezani, nikamwambia lililonileta. Afungashe, aje akae kwangu. Chumba cha nyuma ni kitupu, na mimi mwenyewe jioni nabishana na redio. Nilisema kama mzaha, lakini sikuwa natania. Tangu mama afariki tulibaki wawili tu duniani, na yeye alikuwa anaisha mbele ya macho yangu. Niliogopa kumzika. Niliogopa zaidi kubaki.

"Nitakuja," alisema. "Lakini kwanza anijibu."

"Kaka. Wifi amekufa."

"Najua. Nimemzika mimi." Akavuta bahasha chafu kutoka chini ya mto. "Namuuliza swali moja tu. Kila nikifunga nyuzi, namuuliza kama hapo alipo kuna nafasi ya mtu wa pili."

Nilitaka kumwambia aache, lakini nikaogopa tutagombana, nami nilikuwa na haja ya kuondoka naye siku ileile. Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Ndani ya bahasha mlikuwa na nyuzi bapa, laini kama mkanda, nyeusi kwa mafuta ya vidole vya watu. Fundi wa magitaa alikuwa anataka kuzitupa. Alimwambia zimekufa. Ndivyo wapiga besi wanavyosema uzi ukishapoteza mng'aro: umekufa.

"Miezi yote hii nilikuwa nampelekea nyuzi hai," Nanga alisema. Akacheka kidogo. "Mjinga mimi."

Alifunga uzi mnene kwanza. Kisha wa pili, wa tatu, wa nne. Hakuwa na haraka. Alikaza, akasikiliza, akakaza tena. Nje mtoto wa jirani alikuwa anapiga mpira ukutani, nami nilishukuru kuusikia.

Spika ilikuwa upande wa pili wa chumba. Mimi nilikuwa mlangoni. Nanga alikuwa kwenye kiti, katikati. Hakukuwa na mtu mwingine.

Akapiga noti moja.

Sikuisikia kwa masikio. Ilinijia mbavuni, ikapanda kwenye meno. Ilikuwa nzito na fupi, haina mlio wa chuma hata kidogo. Kwa mara ya kwanza nilielewa wifi alikuwa anatafuta nini miaka yote ile.

Kofi.

Kiganja juu ya mbao. Vumbi likaruka kwenye ubavu wa spika.

Nikasema moyoni, ni moja. Ni hapana. Basi yamekwisha, tunaondoka. Nikashusha pumzi.

Kisha likaja la pili.

Nanga akatabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu lile tangu msiba.

"Ipo nafasi," alinong'ona.

Ndiyo maneno ya mwisho aliyotamka kwa mdomo wake.

Nilimwita. Hakugeuka. Nikamwita kwa nguvu, jina lake la utotoni ambalo hakuna aliyebaki kulijua ila mimi. Hakugeuka. Nikachukua mfuniko wa sufuria, nikaupigiza sakafuni nyuma ya kichwa chake. Mtoto wa nje aliacha kucheza mpira. Kaka yangu hata kope haikumcheza.

Daktari wa masikio alimpima mara tatu. Alisema masikio ni mazima kabisa, labda ni huzuni, tumpe muda. Nikampeleka kwangu. Kwa hiyo nilipata nilichokuwa nataka: Nanga alikuja. Anakula vizuri, amenenepa, kila alasiri anapiga besi huku ameegemea spika. Nilitafuta mtu wa kuongea naye nyumbani, nikapata asiyenisikia. Redio nayo siku hizi siiwashi, naona kama namsimanga.

Kilichonitisha ni mikono yake. Zamani Nanga aliongea lugha ya ishara kama mtu aliyevaa glavu, wifi alikuwa anamcheka mpaka machozi. Sasa vidole vinakwenda mbio, sivifuati. Mimi katika miaka kumi na moja ya ndoa yao nilijifunza ishara mbili tu, ya asante na ya chakula. Lakini kulikuwa na moja aliyoirudia kila nilipoingia chumbani: vidole viwili kutoka jichoni, kisha vinageuzwa upande.

Nikaenda kwa rafiki wa wifi, mwalimu wa shule ya viziwi, naye pia kiziwi. Tuliongea kwa kuandikiana. Nilipomwonyesha ile ishara, kalamu yake ilisimama.

"Hilo ni jina lako," aliandika. "Nani kakuonyesha?"

Nikaandika: kaka yangu.

Alitikisa kichwa. Akaandika polepole, nami nikisoma maandishi kichwa chini miguu juu kutoka upande wa pili wa meza. "Haiwezekani. Tulikupa siku ya mazishi, baada ya kufukia. Tulikuwa wanawake wanne. Tulikuja kukupa pole kwa mikono yetu, nawe ukawa unaangalia kando. Hatukumwambia mtu, tuliona aibu. Aliyekuwa karibu nasi pale ni marehemu tu."

Chini yake akaongeza: "Maana yake ni Anayetazama Pembeni."

Nililia palepale. Ni kweli tupu. Miaka yote nilikuwa namuuliza kaka, "Mkeo anataka chai?" na mwenyewe kakaa mbele yangu. Kutwa nzima nachungulia macho ya watu nisiowajua, ya wifi yangu sikuwahi kuyatazama. Karatasi ile ninayo kwenye pochi. Naitoa, naisoma, naikunja.

Jana mchana tulikuwa mezani, mimi na kaka. Akalitaja jina langu kwa vidole, akaendelea na maneno marefu, anacheka. Ilinichukua muda kugundua kwamba hasemi na mimi. Anamsimulia mtu habari zangu. Macho yake yalikuwa kwenye kiti kilicho kushoto kwangu, ambacho hakikukaliwa na mtu. Akatulia kidogo, kama anayesoma jibu.

Kiti kikasogezwa karibu yangu.

Nilikaza shingo. Nikamtazama kaka yangu usoni, yeye tu, mpaka chakula kikapoa. Tangu jana, upande wangu wa kushoto sijautazama.