Kurasa za Mwisho za Inspekta Miwani

Kila siku baada ya kuosha vyombo vya mchana, Maswali alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na kitabu chake, na hapo hata ungemwita mara tatu asingesikia. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu mkono wake darasani haukujua kukaa chini. Alipenda hadithi za upelelezi, hasa zile za Inspekta Miwani, mama mfupi aliyefuta miwani yake taratibu kila shahidi alipoanza kudanganya, kisha akauliza, "Hilo umeliona, au umelidhani?" Vitabu vyake vyote tisa vya maktaba ya shule Maswali alikuwa amevimaliza kabla ya likizo iliyopita, na mama yake mzazi alishachoka kuulizwa swali hilo kila alipolalamika kwamba fagio halijaguswa.

Jumatatu moja mwalimu mkuu aliingia darasa la sita amekumbatia vitabu hivyo tisa, uso umemkunjamana.

"Wanafunzi watatu wamelalamika," alisema. "Vitabu hivi vyote vimechanwa ukurasa wa mwisho. Na daftari la maktaba linaonyesha mtu mmoja tu aliyeazima vyote tisa." Macho yote yakamgeukia Maswali. "Hii ndiyo faida ya kusoma habari za wezi. Ijumaa nalifunga kabati la hadithi hizi kule maktaba. Na wewe, maktaba usikanyage tena."

Maswali akasimama. Kidevu kilikuwa juu.

"Sikuchana mimi, mwalimu. Kuazima si kuchana. Uliniona, au umenidhania?"

Mwalimu mkuu hakuzoea kuulizwa.

"Unanijibu?"

"Najitetea, mwalimu."

"Haya. Nakupa mpaka Ijumaa uniletee aliyechana."

Hapo ndipo Maswali alipoharibu. Hasira ilimpanda, akataka mhalifu siku hiyohiyo. Wakati wa mapumziko alimwona mvulana wa dawati la nyuma, yule aliyeitwa Kishada kwa sababu ya vishada alivyotengeneza, akirusha kimoja uwanjani. Mkia wake ulikuwa wa vipande vya karatasi zenye maandishi.

"Kumbe ni wewe!" Maswali akafoka.

"Mimi nini? Haya ni magazeti ya baba!"

Hakumsikiliza. Alikwenda moja kwa moja kumtaja ofisini. Kishada akanyang'anywa kishada chake, akakalishwa nje ya ofisi mchana kutwa. Alipoachiliwa alimkuta Maswali langoni.

"Wewe ulipodhaniwa ulipiga kelele," alisema kwa uchungu. "Mimi je? Uliniona?"

Maswali akageuka, akaondoka. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Njia nzima ya kwenda nyumbani Inspekta Miwani alikuwa akifuta miwani yake mbele yake, na safari hii aliyekuwa akitazamwa ni yeye.

Kesho yake alimwomba Kishada radhi, akamwambia anakwenda maktaba kuvikagua vile vitabu. "Sijakusamehe bado," Kishada alijibu. "Ila nakuja nawe. Nakitaka kishada changu."

Mwalimu wa maktaba, mama mpole mwenye sauti ya chini, aliwazuia mlangoni. "Maswali, mwanangu, umekatazwa kuingia."

"Siingii, mwalimu. Nitasimama nje ya dirisha. Wewe niletee vitabu tu."

Mwalimu alicheka, akavileta. Maswali alifungua cha kwanza mwishoni, akainama mpaka pua ikagusa uzi ulioshona kurasa.

"Karatasi ikichanwa huacha meno," alisema Kishada, mtu aliyechana karatasi maisha yake yote. "Hapa hakuna meno." Akapapasa jalada. "Na mbona hili ni nene? Kama karatasi mbili zilizobandikwa pamoja."

Maswali aliinua jalada kwenye mwanga wa jua. Herufi zikajitokeza ndani yake, mstari baada ya mstari. Ukurasa wa mwisho haukuwa umekwenda popote.

Akakishusha kitabu taratibu. Alikumbuka wakati wa likizo, wanafunzi walipojitolea kuvivisha vitabu hivi majalada mapya kwa gundi ya unga. Wengine walikata karatasi, wengine walikunja. Vitabu hivi havikuwa na ukurasa mtupu mwishoni wa kubandikwa kwenye jalada, na aliyeshika brashi ya gundi, akiipaka haraka haraka ili arudi kusoma, alikuwa yeye. Akamweleza Kishada.

"Hakuna anayejua ila sisi," alinong'ona Kishada.

"Mimi najua," alisema Maswali, akaondoka kwenda ofisini.

"Mwalimu, nimempata. Ni mimi."

Mwalimu mkuu aliweka kalamu chini. "Si ulikana mbele ya darasa?"

"Nilikana kuchana, na sikuchana. Nilibandika bila kujua." Akaeleza yote bila kuinamisha kichwa. "Kishada hana kosa. Nilimsingizia, na nitamwomba radhi mbele ya wote. Niadhibu mimi, mwalimu, lakini kabati usilifunge. Vitabu havikukosa kitu."

Adhabu yake ilikuwa kuzirudisha kurasa zote tisa. Siku tatu mfululizo yeye, Kishada na mwalimu wa maktaba walishika majalada juu ya mvuke wa birika mpaka gundi ilipolainika. Kurasa zilitoka zimekunjamana, lakini zilisomeka.

Ijumaa, baada ya Maswali kumwomba Kishada radhi darasani na Kishada kurudishiwa kishada chake, mwalimu mkuu alisimama.

"Kumtaka anayekutuhumu alete ushahidi ni haki yako," alimwambia Maswali. "Lakini haki unayoidai, mpe na mwenzako. Wewe uliisahau kwa Kishada, nami niliisahau kwako. Nilikudhania. Mnisamehe nyote wawili."

Kisha akaenda maktaba, akafungua kabati na kuandika jina lake kwenye daftari. Alichukua kitabu cha kwanza. Maswali, aliyekuwa nyuma yake, alishindwa kuvumilia.

"Hicho kizuri sana, mwalimu! Mhalifu ni yule..."

"Nyamaza!" Mwalimu mkuu alikikumbatia kitabu kifuani. "Ukinitajia, kabati nalifunga kweli!"